Theluji Inayoishia Njiani

Sikilizeni mabati. Mvua ya kawaida huanza kwa matone machache, yakaongezeka, sauti ikajaa nyumba nzima, na baada ya muda masikio yanaizoea hata mtu anaweza kusinzia. Mvua ya mawe haizoeleki. Inagonga paa kwa kishindo, mbuzi wanalia zizini, kuku wanakimbilia chini ya ghala, na Mama anawaita mmoja mmoja kwa jina mpaka ahakikishe mmeingia wote. Mnasongamana dirishani, wadogo wakipenyeza vichwa chini ya makwapa ya wakubwa, na hapo mnaona kitu ambacho macho ya Kilungu hayakioni kila siku: ua umekuwa mweupe.

Tukae hapo dirishani kwanza. Mimi Susu wenu, yaani nyanya yenu, nina hadithi, na hadithi hii ni ya kweli mwanzo hadi mwisho.

Wengine wenu mna binamu walioko mbali, Marekani au Kanada au Ujerumani, na Desemba ikifika wanatuma picha. Wamevaa makoti manene mpaka mikono haishuki vizuri, wamesimama kando ya mtu aliyefinyangwa kwa theluji, pua yake ni karoti. Mnazitazama picha hizo kwenye simu ya Baba mkinyang'anyana, kisha mmoja anauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Susu, kwa nini kwetu hakuanguki theluji?"

Jibu langu huwashangaza. Juu ya Kilungu theluji huanguka. Huanguka kila mwaka, tena kwa wingi, mchana kweupe, mkiwa darasani au mkichunga mbuzi. Ila haifiki chini.

Pandeni nami angani kwa mawazo tuone inaishia wapi. Vilima vyetu vya Kilungu ni virefu kuliko sehemu kubwa ya Makueni. Vilele vyake vinakaribia mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ndiyo sababu mgeni aliyetoka Makindu au Kibwezi akifika kwetu Nunguni mwezi wa Julai hutafuta sweta kabla hajamaliza kusalimia watu. Jua hupasha ardhi joto, na ardhi ndiyo huipasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ikipanda inatanuka, na hewa inayotanuka inapoa. Kwa hiyo kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Endelea kupanda mpaka karibu mita 5,000 na utakuta mahali ambapo maji yanaganda. Ni hivyo hata hapa karibu na ikweta, na hata saa nane mchana, jua likiwa kali.

Sasa kumbukeni mawingu ya Novemba, wakati wa mvua za vuli ambazo sisi Wakamba tunazitegemea kuliko zile za masika. Asubuhi huwa ni kipande kidogo cheupe juu ya bonde. Saa sita kimenenepa. Kufikia saa tisa tumbo lake limekuwa jeusi, na kichwa chake kinaweza kuwa kimepita kilomita 12 kwenda juu, huko zinakopita ndege za masafa marefu au hata juu zaidi. Sehemu ya chini ya wingu hilo ni maji. Sehemu ya juu ni barafu na theluji, chembe ndogo ndogo zenye pembe sita, zinazokua, zinazogongana na kushikana, mpaka zinakuwa nzito na kuanza kushuka.

Na zinashuka polepole mno. Chembe ya theluji huanguka kama mita moja kwa sekunde, na ninyi mkikimbilia nyumbani baada ya kengele mnaishinda kwa mbali. Ili itoke pale penye baridi ya kugandisha mpaka ifike Kilungu, ingelazimika kupita mita 3,000 za hewa yenye joto. Kwa mwendo ule ingehitaji dakika 50. Haiwezi. Inayeyuka mapema, inageuka tone la maji, na tone ndilo linaloendelea na safari. Lile tone nono lililokupiga utosini ukitoka shuleni, jioni ile radi ilipokuwa ikinguruma, yaelekea lilikuwa theluji muda mfupi tu kabla ya hapo. (Siyasemei manyunyu ya Juni na Julai, yale yanayokuja na ukungu na kutulowesha bila kelele. Hayo hutoka kwenye mawingu mafupi ya chini ambayo hayaijui barafu.)

Basi theluji ina njia moja tu ya kutufikia ikiwa ingali theluji: ardhi yenyewe ipande kuifuata kabla haijayeyuka. Afrika Mashariki ina milima iliyofanya hivyo. Kilimanjaro ina mita 5,895, na Mlima Kenya una mita 5,199. Siku ya anga safi, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajauvika mlima, mkiteremka hadi Emali mtaiona Kilimanjaro upande wa kusini, na ile sehemu nyeupe juu yake ndiyo theluji ambayo haikuishia njiani.

Watu wetu waliijua milima hiyo zamani sana. Huko Kitui aliishi mfanyabiashara mkubwa, Kivoi wa Mwendwa, ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu mpaka Mombasa. Mwaka 1849 alimpokea mgeni, mmishonari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, karibu na Mombasa. Kivoi alimweleza habari za mlima ulio upande wa kaskazini wenye kitu cheupe kileleni. Wakamba waliufananisha na mbuni dume, maana manyoya yake ni meusi yenye weupe, na mlima nao una mawe meusi na barafu nyeupe. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, na Krapf akauona mwenyewe akiwa huko Kitui. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na alipomuuliza aliyemwongoza njia kile cheupe ni nini, jibu alilopewa ni kwamba ni baridi. Habari zilipofika London, mtaalamu mmoja wa ramani, William Desborough Cooley, alikataa katakata kuwa kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na akaendelea kukataa kwa miaka. Hakuwahi kufika huku. Kivoi alikuwa ameuona mlima kwa macho yake, na mtu aliyeona ana haki ya kusikilizwa.

Krapf aliandika pia kisa kimoja cha Wachaga ambacho nakipenda sana, ingawa kina huzuni ndani yake. Rengua, mtawala wa Machame, alitaka kujua kile kinachong'aa juu ya Kilimanjaro ni kitu gani. Alidhani huenda ni fedha. Akatuma kundi la watu wapande wakamletee. Katika wote waliokwenda, ikasemwa, alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Tena kulikuwa na masimulizi ya watu walioishusha ile "fedha" ndani ya kibuyu na walipokifungua nyumbani wakakuta maji.

Fikirieni mtu amebeba kibuyu kutoka mlimani mpaka uani, jamaa zake wote wamezunguka, anakiinamisha, na maji yanamwagika. Mimi sidhani alirudi mikono mitupu. Alikuwa amegundua kwamba kile cheupe cha mlimani na maji ya mtoni ni kitu kimoja. Mkisahau mengine yote ya leo, hilo mlishike.

Weupe ule wa Kilimanjaro unapungua. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake ilitoweka. Mlima Kenya nao umebakiwa na vipande tu vya barafu yake ya zamani. Wazee wa Emali waliokulia hapo wanaweza kuwaambia jinsi kofia ile nyeupe ya mlima ilivyokuwa pana walipokuwa watoto. Waulizeni mapema.

Turudi dirishani, maana mawe bado yanaanguka.

Barafu ina njia ya pili ya kutufikia, nayo ni haraka. Ndani ya lile wingu refu mna upepo unaopuliza kwenda juu kwa nguvu. Unabeba matone ya maji na kuyapandisha mpaka kwenye baridi kali. Ajabu ni kwamba matone mengi hayagandi papo hapo. Yanabaki maji ingawa yamepoa kupita kiwango cha kuganda, yakingoja kugusa kitu. Chembe ya barafu ikipita hapo, matone hayo yanaigonga na kuganda juu yake. Inanenepa. Upepo unaishikilia, unaipandisha tena, inakusanya maji zaidi, gamba juu ya gamba, kama kitunguu. Siku ambayo upepo hauwezi tena kuubeba uzito wake, linaanguka jiwe.

Na jiwe, tofauti na theluji, halitembei. Lenye ukubwa wa punje ya mahindi au haragwe linaweza kushuka kwa mita kumi hivi kila sekunde. Zile mita 3,000 za hewa yenye joto linazipita kwa dakika tano. Linayeyuka kidogo kwa nje, lakini linafika. Ndiyo sababu Kilungu inapata mvua ya mawe na haipati theluji, ingawa zote mbili ni barafu za wingu moja.

Mmoja wenu atauliza jiwe linaweza kukua kiasi gani. Kubwa kuliko yote yaliyopimwa Marekani lilianguka katika mji mdogo wa Vivian, jimbo la South Dakota, tarehe 23 Julai 2010. Lilikuwa na upana wa sentimita 20 na uzito wa karibu kilo moja. Letu halifiki huko. Lakini kwa mvua ya mawe kurudi mara kwa mara, Kenya inajulikana duniani kote: huko Kericho, penye majani chai, zimewahi kuhesabiwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja. Na Septemba 2008, katika kijiji cha Busara karibu na Nyahururu, mawe yalimwagika mengi kiasi kwamba yalishikana yakawa tandiko jeupe kwenye mteremko wa kilima. Watu walitoka wakisema theluji imeanguka Kenya. Wakubwa kwa watoto waliyaokota, wakafinyanga, wakarushiana, wengine wakaonja. Idara ya hali ya hewa ilieleza baadaye kwamba yalikuwa mawe ya mvua. Nilipozisikia habari hizo nilifurahi kwa ajili ya watoto wa Busara. Walikuwa wamepata asubuhi yao.

Nanyi mpate mchana wenu. Ila kwanza tungoje.

Mawe yakianguka, hakuna mtoto anayetoka. Jiwe dogo tu lililotoka juu kiasi hicho linatia nundu. Tena wingu linalotengeneza mawe ndilo linalotengeneza radi, na radi haina mzaha. Hatusimami chini ya mwembe wala mkaratusi, hatushiki waya wa kuanikia nguo, hatukai mlangoni. Tukisubiri, tuhesabu. Ukiona mwanga wa umeme anza: moja, mbili, tatu, polepole, mpaka usikie ngurumo. Sauti huhitaji karibu sekunde tatu kupita kilomita moja, kwa hiyo gawanya kwa tatu upate umbali. Ukihesabu sita, radi imepiga kilomita mbili kutoka hapa, karibu mno. Wadogo wahesabu, wakubwa wagawanye. Ngurumo ya mwisho ikishapita, tunakaa nusu saa nyingine ndani. Najua ni ndefu. Mawe yaliyotawanyika uani yatakuwa yamekwisha, lakini yaliyorundikana chini ya upenu wa paa, na yale yaliyosombwa mpaka kwenye mitaro ya matuta, yatawasubiri.

Haya, tokeni. Viatu miguuni, maana uani kuna matawi yaliyovunjika.

Chukueni karai moja na sufuria moja. Karai ni la mawe ya kuchezea. Sufuria ilikuwa ukingoni mwa veranda tangu wingu lilipoanza kuwa jeusi, na mawe yaliyoangukia humo moja kwa moja ndiyo safi. Yaliyoteremka kwenye mabati yamepita juu ya vumbi na mavi ya ndege, hayo msiyatie mdomoni.

Tafuteni jiwe kubwa kuliko yote na mlilete jikoni. Mtu mzima atalikata katikati kwa kisu chenye meno, upesi, juu ya kitambaa cheusi. Tazameni ndani. Mtaona duara ndani ya duara, moja jeupe, moja angavu. Pale maji yalipoganda ghafla, hewa ilinaswa ndani kwa viputo vidogo, na viputo vinautawanya mwanga, tukaona weupe. Pale maji yalipoganda taratibu, hewa ilipata nafasi ya kutoka, na barafu ikawa angavu kama kioo cha dirisha. Kwa hiyo mkiwa mmeinama juu ya kitambaa mnasoma safari ya jiwe lenu: hapa lilipita penye baridi zaidi, hapa lilipita penye maji mengi.

Kwa nini kitambaa cheusi? Nimejifunza kwa mkulima. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 huko Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, mahali penye theluji nyingi kila mwaka. Mama yake alikuwa amewahi kuwa mwalimu, akamfundisha nyumbani miaka mingi, na ndiye aliyempa hadubini. Majirani zake waliona theluji kuwa mzigo wa kuzolewa njiani. Kijana huyo alikuwa akizikinga chembe zake juu ya kitu cheusi, katika banda lisilo na moto, akishikilia pumzi ili asiziyeyushe, na kuzitazama. Alijaribu kuzichora, zikayeyuka kabla hajamaliza. Ndipo akaunganisha hadubini na kamera, na tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1931, akiwa na picha zaidi ya 5,000. Hakuacha kulima wala kukamua ng'ombe. Alitazama kwa makini kile kilichomwangukia mlangoni, basi.

Ninyi kilichowaangukia mlangoni ni mawe. Hayana pembe sita wala urembo wa theluji, lakini nawahakikishia ni wachache wanaoyatazama ndani, na kila moja limeandikwa tofauti.

Kisha tufanye jaribio la sweta. Jazeni vikombe viwili mawe, kiasi sawa. Kimoja kiacheni wazi mezani. Cha pili kifungeni ndani ya sweta nzito, ile ya shule. Kabla hamjafanya lolote, kila mtu aseme ni kikombe gani kitayeyuka kwanza, na asibadilishe neno. Wengi watasema cha sweta, kwa kuwa sweta ina joto. Subirini, mle chakula, mrudi. Mtakuta kile cha wazi kimekuwa maji na cha sweta bado kina mawe! Sweta haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Ukiivaa wewe, inazuia joto lako lisitoroke. Ikivaa barafu, inazuia joto la nyumba lisiingie. Mtoto aliyekosea kukisia asichekwe. Nimeona watu wazima wakikosea jaribio hili na kubisha mpaka kikombe kikafunguliwa.

Na kama mawe yalikuwa mengi hata yakajaza karai, basi siku hiyo kuna aiskrimu, bila friji na bila stima. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, sukari kidogo, tia ndani ya mkebe mdogo safi wenye kifuniko kinachobana. Weka mkebe ndani ya sufuria kubwa, uzungushie mawe, na kwa kila vikombe vitatu vya mawe mwaga kikombe kimoja cha chumvi ya kawaida. Halafu zungusha mkebe ndani ya barafu, mkipokezana, dakika 20 au zaidi, mkifungua mara moja moja kukwangua yaliyoganda pembeni. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka hata inapokuwa baridi sana, na barafu ikiyeyuka inanyonya joto kutoka kwa jirani yake. Jirani ni maziwa. Mchanganyiko huo unapoa kupita barafu yenyewe, nyuzi kumi na zaidi chini ya kiwango cha kuganda, kwa hiyo msiushike kwa mikono mitupu, unaumiza ngozi. Vaeni soksi mikononi. Mawe haya ya kugandishia yanaweza kuwa yale ya mabati, mradi mkebe umebana na mmeufuta vizuri kabla ya kuufungua. Maji ya chumvi yaliyobaki msiyamwage shambani wala kwenye maua ya Mama, yatakausha mimea.

Nimeacha jambo moja mpaka sasa, nalo ndilo zito.

Mkiwa bado dirishani, kabla hamjapiga kelele za furaha, mwangalieni Mama usoni. Yeye hatazami weupe. Anatazama nyuma ya weupe, maharagwe yaliyokuwa yametoa maua, avokado zilizokuwa ndogo mtini, kahawa iliyokuwa ikielekea kuiva. Mawe yale yale yanayowafurahisha yanaweza kuchana jani la mahindi likawa nyuzi kwa muda wa robo saa. Huko Kericho, katika miaka ya 1960, mashamba ya majani chai yaliwahi kulipia ndege ziruke kwenda kunyunyizia mawingu dawa ili mawe yapungue, hivyo ndivyo hasara ilivyokuwa inauma. Mkulima wa Kilungu hana ndege.

Sisemi msifurahi. Furahini, kwa maana barafu iliyotoka kilomita nyingi juu imekuja mpaka mlangoni kwenu, na utoto haurudi kuingoja nyingine. Mzazi anayemgombeza mtoto kwa kucheza na mawe ya mvua hajaokoa haragwe hata moja. Ninachowaomba ni kwamba mchezo ukiisha, twende wote shambani.

Shambani kuna kazi inayohitaji macho madogo makali. Mahindi yaliyo chini ya goti yakichanika majani yote, watu wengi hukata tamaa na kuyang'oa. Msiruhusu. Mahindi yakiwa machanga, kile kichipukizi chake cha kukua bado kimejificha chini, karibu na udongo au ndani yake, ambako jiwe halikufika. Yapeni siku saba. Chagueni mmea mmoja, mtie alama kwa kijiti, na kila asubuhi mtazame katikati kama kuna jani jipya la kijani linalosukuma. Yaliyokwisha kutoa mbelewele yana bahati mbaya zaidi, maana hayaoti majani mengine. Mbaazi ni ngumu, zikivunjwa matawi huchipua tena, na viazi vitamu navyo havijali. Kwa haragwe, inategemea limevunjika wapi: likikatika shina chini kabisa, limekwisha, lakini likibaki na shina na yale macho madogo yaliyo kwenye maungio ya majani, linaweza kuchipua.

Kagueni na matuta pia. Mawe yakiyeyuka kwa pamoja maji huja ghafla, na pale mtaro ulipobomoka udongo wetu unaanza safari ya kwenda mto Kaiti, kisha Thwake, kisha Athi, mpaka unaingia baharini karibu na Malindi. Maji yana ruhusa ya kwenda. Udongo tunautaka ubaki. Wakubwa wachukue jembe, wadogo waonyeshe mahali palipobomoka.

Siku ya saba mhesabu: mstari huu mimea mingapi imechipua, mingapi imekufa. Mpeni Mama hesabu hiyo, ataihitaji. Kama mapengo ni mengi na ardhi ingali na unyevu wa kutosha, atapanda maharagwe mengine humo, mbegu mbili kila shimo, na ninyi mtabeba mkebe wa mbegu nyuma yake.